Nyumba mbili za umri mmoja, moja imepambwa: ninunue ipi?

*“Mhandisi, salamu. Mimi na mke wangu tunataka kuhama. Tumeona nyumba mbili kwenye mtaa mmoja, zote zina miaka kama 50. Ya kwanza haijaguswa: bafu la zamani, rangi imebabuka, kuna ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya mlango wa jikoni, na doa la maji kwenye dari ya sebule. Ya pili imekarabatiwa mwaka huu: marumaru mpya, jiko jipya, dari mpya, na ukuta uliokuwa kati ya jiko na sebule umeondolewa. Inang’aa. Bei yake imeizidi ya kwanza kwa karibu theluthi. Benki imeshamtuma mthamini kwenye hiyo ya pili, akaridhika. Mke wangu anaitaka hiyo. Mimi baba alinifundisha kwamba nyumba za zamani zilijengwa imara, kwa hiyo navutwa na ile ya kwanza. Halafu tuna nyumba yetu ya kuuza, nayo ni ya zamani. Dalali anasema tukope, tubadilishe jiko na bafu kwanza, na tuupake rangi ukuta wa nyuma wenye unyevu, ndipo tuuze. Tufanyeje? (Soketi moja ya chumbani kwetu inapata joto siku hizi, ila naona hilo ni dogo.)”*

Ndugu yangu, swali lako lina nyumba tatu ndani yake, na ile ya tatu, yenu wenyewe, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nitaifikia. Kwanza nianze na ninyi wawili, maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Unasema nyumba za zamani zilijengwa imara. Baadhi, ndiyo. Lakini zile zilizojengwa ovyo mwaka uleule zilishaanguka au kubomolewa, hazipo tena kutoa ushahidi. Tunazoziona leo ni manusura, nasi kwa kuzitazama tunawasifu mafundi wote wa enzi zile kwa kazi ya wale wachache waliofanya vizuri. Nyumba iliyosimama miaka 50 bila kupinda imetuonyesha kwamba msingi na kuta zake zimepatana na ardhi iliyo chini yake. Hilo si jambo la kudharau. Ila haisemi lolote kuhusu nyaya, mabomba wala paa.

Mkeo naye anaona nyumba mpya, na hapa ndipo ningependa mkae pamoja mlitafakari jambo hili: nyumba haina umri mmoja. Msingi una umri wake, kenchi zina wake, mabati yana wake, nyaya zina wake, na rangi huenda ina mwezi mmoja. Mtu akikwambia nyumba “imekarabatiwa”, muulize ni kipi kati ya hivyo kimewekwa upya na ni kipi kimefunikwa. Ukitembea na swali hilo chumba kwa chumba, utagundua kwamba nyumba zenu mbili zina umri uleule karibu kila mahali pasipoonekana.

Mthamini wa benki muwekeni pembeni. Watu wengi hupumzika wakisikia benki imetuma mtu, kumbe yule amekwenda kujibu swali moja tu: mkopaji akishindwa kulipa, nyumba hii ikiuzwa itarudisha fedha za benki? Huangalia ukubwa, mahali ilipo, bei za nyumba jirani na hali ya jumla. Hafungui bodi ya umeme, hapandi darini na tochi, wala hawajibiki kwako bomba likipasuka. Mkaguzi wa majengo unayemlipa wewe ni mtu mwingine kabisa, na kazi yake ni nyingine.

Sasa tuingie kwenye ile inayong’aa. Nyumba ya umri huo iliwekewa nyaya kwa ajili ya taa kadhaa, redio na pasi. Leo kuna hita ya maji, jiko la umeme, kiyoyozi, na kila mtu na chaja yake. Waya ukipitisha umeme hupata joto, na joto hilo haliongezeki sawasawa na mzigo: mkondo ukiwa mara 2, joto huwa mara 4. Wakati huohuo ganda la mpira au plastiki linaloufunika waya huwa linakauka mwaka hadi mwaka, linakuwa gumu, mwisho linapasuka. Fundi aliyeambiwa “ipendezeshe iuzike” hubadilisha kile ambacho mkono wa mnunuzi utakigusa, yaani swichi na soketi. Nimefungua soketi nyingi nyeupe za kupendeza zenye matundu matatu, nikakuta tundu la tatu halijaunganishwa na chochote, kwa sababu ukutani mna nyaya mbili tu na waya wa ardhi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja, haukuwahi kuwekwa. Soketi mpya hapo ni hatari kuliko ile kuukuu, maana ya kuukuu ilikuwa haikudanganyi.

Kwa hiyo mchukue fundi umeme mwenye leseni, akapime kwa vifaa, si kutazama kwa macho. Afungue bodi. Aone kama kuna kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, ambacho kwa matumizi ya nyumbani kawaida hukata kwenye miliampea 30. Atoe soketi mbili tatu ukutani, aitazame rangi na hali ya waya wenyewe.

Mabomba yana hadithi kama hiyo. Mabomba ya chuma ya zamani yalipakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki hiyo huliwa taratibu na maji, ikiisha kutu inaanza kujijenga ndani, na njia ya maji inazidi kuwa nyembamba huku bomba kwa nje likionekana zima. Bomba jipya la kumeremeta likifungwa mwishoni mwa mfereji wa namna hiyo, litakupa maji ya mfereji wa zamani. Jaribio lake halihitaji mtaalamu: fungua bomba la jikoni, fungua la bafuni, vuta maji ya choo, vyote kwa pamoja, uone kama mkondo unanywea. Maji ya kwanza ya asubuhi yakitoka na rangi ya chai, umeshajua. Na inama utazame chini ya sinki. Niliwahi kukagua nyumba yenye jiko la kuvutia sana, nikafungua kabati la chini, nikaliona bomba la maji machafu linazama sakafuni. Tulipolifuatilia, halikuwa limeunganishwa na shimo la maji taka wala na kitu kingine. Lilikuwa linamwaga maji chini ya nyumba, pembeni kabisa mwa msingi.

Kuna mambo mepesi ya kufanya katika ziara yenu ya pili. Gongagonga marumaru kwa sarafu. Penye sauti ya utupu, gundi haijashika vizuri. Weka gololi sakafuni uone inakokimbilia. Omba kuingia darini na tochi, kwa sababu dari mpya chini ya paa la zamani ni pazia tu mpaka mtu aliangalie paa lenyewe kwa upande wa ndani. Na nendeni siku ya mvua. Mimi, pamoja na vyeti vyangu vyote, nyumba yangu ya kwanza niliikagua wakati wa kiangazi. Niseme tu kwamba msimu wa mvua ulipofika nilinunua ndoo nyingi.

Lakini jambo moja kwenye nyumba ya pili linazidi yote hayo, nalo ni ule ukuta ulioondolewa. Kuna kuta ambazo kazi yake ni kugawa vyumba tu, na kuna kuta zinazobeba mzigo wa ghorofa ya juu, dari au paa. Ukiuondoa ule wa kugawa, umepata sebule kubwa. Ukiuondoa ule wa kubeba, mzigo wake haukuondoka pamoja nao. Unatafuta njia nyingine ya kushukia, na isipokuwepo unajilazimishia. Kwa nyumba isiyo na ghorofa watu hudhani ukuta wa ndani haubebi kitu, kwa kuwa kenchi huegemea kuta za nje. Kwenye mapaa ya kisasa mara nyingi ni kweli. Kwenye mapaa mengi ya zamani, yaliyopigwa mbao moja moja palepale juu, kuna vijiti vya kusimama vinavyotoka kwenye mbao za paa na kukanyaga juu ya ukuta wa ndani. Ukuta ukitoka, vinaning’inia. Paa haliporomoki siku hiyo. Linalegea kidogokidogo, milango inaanza kukwama, na nyufa zinajitokeza kwenye plasta mpya pale juu ya uwazi.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji: nani aliamua ukuta huu unaweza kuondoka? Mnataka mchoro wa mhandisi, mnataka kujua ni boriti gani iliyowekwa badala yake na inakaa juu ya nini kila upande, na mnataka kibali cha mamlaka ya ujenzi kama kilihitajika. Picha za wakati kazi inaendelea, kabla ya plasta, zina thamani kuliko maneno yote ya dalali. Mwenye nyumba aliyefanya kazi safi huwa nazo, na hufurahia kuzionyesha. Tena chunguzeni aliinunua lini. Aliyenunua miezi michache iliyopita, akapamba, na sasa anauza, hajawahi kulala humo mvua ikinyesha. Hiyo pekee haimfanyi mwizi, maana wapo wanaofanya biashara hiyo kwa uaminifu. Inamaanisha tu kwamba nyumba bado haijajaribiwa na mtu yeyote, na mjaribu wa kwanza mtakuwa ninyi.

Nyumba ya kwanza, hiyo iliyobabuka, ina sifa moja ambayo haikuandikwa kwenye tangazo: kasoro zake ziko wazi. Waliotuachia methali ya ufa na ukuta hawakumfikiria mtu anayeziba ufa ili auze ukuta. Hapa hakuna aliyeziba. Ufa unaouona unaweza kuupima.

Upime basi. Wataalamu wa majengo wa Uingereza hupanga nyufa kwa upana, na mpangilio wao ni mzuri kuufuata: usiofika milimita 1 ni wa kawaida, plasta tu, hadi 5 bado ni mdogo, unazibika, kuanzia 5 hadi 15 kuna kazi ya kufanya kwenye ukuta wenyewe, kuanzia 15 hadi 25 kazi hiyo ni kubwa, ukizidi 25 uimara wa jengo uko mashakani. Upana peke yake hautoshi, lakini. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya mlango mara nyingi hutokana na linta (boriti iliyo juu ya mlango) dhaifu au upande mmoja wa msingi kushuka kidogo kuliko mwingine. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, nashuku zaidi msingi. Swali kuu ni kama bado unatembea au ulishatulia miaka 30 iliyopita. Kama kingo zake zimejaa vumbi na rangi za zamani zimeingia ndani yake, ni wa siku nyingi. Kama ndani ni msafi, wa jana, mwite mhandisi kabla hamjasaini chochote. Mwenye nyumba akiwaruhusu, weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa.

Doa la darini mara nyingi ni bati lililotoboka, msumari uliolegea au mfereji wa paa ulioziba. Hayo ni matengenezo ya kawaida. Ninachokiogopa pale si maji, ni muda ambao maji yameachwa yaingie. Mbao zilizolowa kwa miaka huoza, na mbao laini huwakaribisha mchwa. Panda ukazidungedunge kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, hesabu ya paa imebadilika.

Mkiichukua hiyo, msimwite mtu wa kukwangua rangi wala kukata paa kabla ya kujua vitu hivyo vimetengenezwa kwa nini. Rangi za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na vumbi lake huathiri ubongo wa watoto. Karatasi za saruji za kuezekea za zamani nazo mara nyingi zilichanganywa na asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Karatasi nzima iliyotulia mahali pake haina madhara makubwa. Hatari huanza mtu anapoikata, kuitoboa au kuisugua, nyuzinyuzi zake zikaruka na kuvutwa pumzini. Kazi hiyo ina watu wake wenye mafunzo.

Sasa hesabu. Msilinganishe bei kwa bei. Chukueni bei ya nyumba ya kwanza, ongezeni gharama halisi ya kuweka nyaya upya, mabomba, paa na bafu kwa makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili tofauti, halafu ongezeni akiba ya asilimia 15 au 20 kwa yale yatakayogunduliwa kuta zikifunguliwa, maana kwenye nyumba ya umri huo lazima kitu kigunduliwe. Ongezeni na kodi mtakayolipa kwingine kazi ikiendelea. Ndipo mweke jumla hiyo kando ya bei ya nyumba ya pili, pamoja na gharama ya vitu ambavyo havikubadilishwa. Ikiwa fundi umeme atasema nyaya za ile ya pili ni za zamani, mtazibadilisha kwa kuchimba kuta zenye marumaru mpya mlizokwisha kuzilipia. Hilo ndilo huwauma watu: wanalipia urembo kisha wanalipa tena kuuvunja.

Mkiniuliza mimi, bila kuziona, naegemea ya kwanza, kwa sharti kwamba ufa umetulia, mbao za paa ni nzima, na mna nguvu ya kukaa miezi kadhaa na mafundi. Sharti la mwisho msilichukulie kijuujuu. Ndoa nyingi nimeziona zikitikiswa na ukarabati kuliko na msingi. Kama kazi zenu hazina nafasi, au fedha zote zitaishia kwenye ununuzi, nyumba ya pili ikipita vipimo vya umeme na ikawa na karatasi za ule ukuta, mkeo atakuwa sahihi na theluthi hiyo mtakuwa mmeilipia utulivu. Kama haina karatasi, na mwenyewe akakataa mhandisi asiingie darini, achaneni nayo hata akishusha bei. Kwa nyumba zote mbili, wakili apekue kwenye usajili wa ardhi ajue mwenye hati ni nani, kama imewekwa rehani, na kama ramani iliyosajiliwa inafanana na jengo lililopo.

Tuje kwenye nyumba yenu. Msikope kwa ajili ya jiko. Jiko jipya lililowekwa kwa ajili ya kuuza ni nadra kurudisha gharama yake yote, kwa sababu mnachagua kwa macho yenu kitu ambacho mnunuzi angekichagua kwa macho yake. Huenda akalibomoa. Bafu vilevile, isipokuwa kama kuna kisichofanya kazi: choo kinachovuja, bomba lisilofunga. Hivyo tengenezeni, kwa sababu mnunuzi akiona kasoro moja ndogo hafikirii kasoro moja, anafikiria miaka ya kutojali, na anakata bei kwa woga wake, si kwa gharama ya fundi. Safisheni, rekebisheni milango inayokwama, pakeni rangi tulivu pale palipo pakavu, kusanyeni stakabadhi za kila kazi iliyofanyika. Bei ipangeni kwa kutazama nyumba zilizouzwa hivi karibuni, siyo zinazotangazwa. Tangazo ni matumaini ya mtu.

Ushauri wa kuupaka rangi ukuta wenye unyevu naukataa moja kwa moja. Ukuta hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, kupitia vitundu vidogo vya tofali. Maji hayo hupanda mpaka yanapopata mahali pa kukaukia, kwa kawaida yasizidi mita moja hivi, na yakikauka huacha chumvi nyeupe. Ukiziba uso wa ukuta kwa rangi nzito au plasta ya saruji, hujayazuia. Umeyanyima pa kutokea, kwa hiyo yatapanda juu zaidi au yatatokea upande wa ndani. Rangi itababuka, pengine kabla mnunuzi hajamaliza kufungua mizigo. Na kabla ya kulaumu ardhi, zungukeni nyuma ya nyumba: mara nyingi chanzo ni udongo au sakafu ya nje iliyopandishwa juu kuliko sakafu ya ndani, au mfereji wa paa unaomwaga palepale. Kulishusha tuta la udongo ni kazi ya siku moja ya jembe. Mkishafanya hivyo, acheni ukuta ukauke kwa miezi, na kama mtauza kabla haujakauka, mwambieni mnunuzi. Sheria za kutaja kasoro hutofautiana nchi na nchi, lakini kwingi kuficha kwa makusudi kitu unachokijua kunaweza kukufikisha mahakamani, na rangi iliyopakwa juu ya unyevu ni ushahidi uliojiandikia mwenyewe. Dalali, wakati huo, atakuwa ameshachukua kamisheni yake.

Kama fedha za kununua zinategemea kuuza, msilipe malipo ya awali yasiyorudishwa mpaka mnunuzi wenu amesaini. Wakili anaweza kuliweka kama sharti kwenye mkataba wa ununuzi.

Na ile soketi. Uliiweka kwenye mabano, mimi ningeianza barua nayo. Soketi inayopata joto maana yake kuna muunganisho uliolegea nyuma yake au waya uliozidiwa, na nyuma yake kuna waya wa umri wa nyumba yenu. Moto wa nyumba huanza hivyo, usiku, nyuma ya kabati. Ukimaliza kusoma hapa, zima sakiti ya chumba hicho kwenye bodi, chomoa kila kitu kilichochomekwa, na mwite fundi umeme kesho asubuhi. Mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, au mkiona weusi kuzunguka matundu, zimeni umeme wa nyumba nzima na msisubiri kesho. Akija, mwambieni azikague na nyingine zote. Ripoti yake mtaihitaji hata hivyo siku mnunuzi atakapokuja na fundi wake.